Kadi ya grafiki kwa mashine ya zamani: mega ziulizwe mwisho

"Yaya, hii iko na mega ngapi?" Yaani, memori yake ni ya megabaiti ngapi? Hilo ndilo swali la kwanza linalosikika Lubumbashi mtu anapookota kadi ya grafiki kutoka kwenye rundo la vifaa vya okazyo, vile vilivyokwisha kutumika. Muuzaji anaigeuza kadi, anasoma kibandiko, anajibu: mia moja ishirini na nane. Mnunuzi anaridhika na kulipa. Akifika nyumbani, mchezo wa 1998 aliokuwa na hamu nao unagoma kufunguka, au unafunguka rangi zikiwa zimevurugika na ukungu wa kwenye picha haupo. Anaamini ameuziwa kitu kibovu.

Mara nyingi kadi ile ni nzima kabisa. Swali ndilo halikumfikisha alikokuwa anakwenda.

Wanaofufua kompyuta za zamani kwa ajili ya michezo wanaongezeka, hasa waliokulia kwenye vyumba vya michezo vya mitaani, wakisubiri zamu na sarafu mkononi. Mazungumzo yao yamejaa habari nusunusu: kwamba kadi yenye memori kubwa ndiyo kali, kwamba namba kubwa inaishinda ndogo, kwamba kadi mpya itacheza chochote cha zamani. Yote matatu yanapoteza watu pesa. Mimi nafuata njia hii: chagua mchezo, jua mwaka wake, angalia nafasi iliyopo kwenye ubao mama, ule ubao mkubwa unaobeba vipande vyote vya kompyuta, kisha ndipo utafute kadi. Memori inakuja mwishoni.

Kadi inafanya kazi gani

Picha yoyote kwenye skrini ni vidoti vya rangi, na kila kidoti kinaitwa pikseli. Skrini ya 640 kwa 480 ina pikseli 307,200, na mchezo unaotaka kwenda laini unazichora upya mara 30 hadi 60 kila sekunde. Kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo huo. Ina prosesa yake yenyewe, ile iliyofunikwa na bamba la kupozea na pengine feni. Ina memori yake, na ina tundu la kupeleka picha kwenye skrini. Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuiamrisha kadi. Bila draiva inayolingana na Windows yako utaona picha, lakini ya rangi chache, na mchezo wa 3D utafanya kama kadi haipo.

Michezo ya zamani zaidi haikuhitaji haya yote. Doom ya 1993 inachorwa na prosesa kuu ya kompyuta. Kadi inapokea picha iliyokwisha kukamilika na kuipeleka kwenye skrini. Kwa michezo ya aina hiyo, ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, karibu kadi yoyote ya miaka ile ya tundu la PCI (tutaliona chini) inatosha, na zile zenye chipu ya S3 Trio64 zinasifika kwa kuelewana vizuri na DOS. Ugumu wote unaanza 1996.

Mchezo na lugha yake

Mwaka huo kampuni ya 3dfx ya Marekani ilitoa Voodoo Graphics, kadi yenye memori ya megabaiti 4 iliyobadilisha michezo ya kompyuta. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Voodoo ile haichori Windows wala maandishi. Inachora 3D tu. Kwa hiyo unaiacha kadi yako ya kawaida mahali pake, unachukua waya mfupi wa VGA na kuunganisha tundu la kadi ya kawaida na tundu la kuingilia la Voodoo, kisha skrini unaichomeka kwenye Voodoo. Ukiwa kwenye Windows, picha inapita tu ndani ya Voodoo kuelekea kwenye skrini. Ukifungua mchezo, Voodoo inashika usukani. Kwenye baadhi ya kadi hizo unasikia kabisa mlio wa "tak": ni relei ndogo inayobadilisha njia ya picha. Voodoo2 ya 1998 ni vilevile. Mtu akikuuzia Voodoo2 peke yake, bila kadi ya pili wala ule waya, amekuuzia nusu ya unachohitaji.

Mchezo hauiamrishi kadi moja kwa moja. Unapitia lugha ya amri za kuchorea, na miaka ile lugha kubwa zilikuwa tatu. Glide ilikuwa mali ya 3dfx na ilifanya kazi kwenye kadi zake tu. Direct3D ni ya Microsoft na inakuja ndani ya DirectX, mkusanyiko wake wa programu za kusaidia michezo. OpenGL ilitoka kwenye kompyuta za kitaalamu na ikaingia kwenye michezo kupitia Quake. Unreal ilipotoka mwaka 1998 ilichorwa vizuri zaidi kwa Glide. Quake III ya 1999 inataka OpenGL, na bila kadi ya 3D haifunguki kabisa. Need for Speed III inakubali Glide na Direct3D. Ndiyo maana kadi moja inaweza kuwa mfalme kwenye mchezo huu na kuwa haina maana kwenye mwingine wa mwaka uleule.

Voodoo3 ya 1999 ilimaliza usumbufu wa waya kwa kuunganisha 2D na 3D kwenye kadi moja, lakini 3D yake ilibaki kwenye rangi za biti 16, yaani chache zaidi, wakati washindani wamekwenda 32. Mwishoni mwa 2000, 3dfx iliuza mali zake kwa mshindani wake Nvidia, na draiva rasmi zikakoma. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazigombania kadi hizi na bei imepanda kupita thamani yake ya kuchezea. Kwa mtu wa Lubumbashi msimamo wangu ni huu: usiikimbize Voodoo. Ukiikuta kwa bei ya kadi ya kawaida, ichukue mara moja. Usipoikuta, michezo ya Glide ichezee kwenye kompyuta ya sasa kwa kutumia nGlide, programu ya bure inayogeuza amri za Glide kuwa za Direct3D, na pesa zako ziende kwenye kadi ya kizazi kinachofuata.

Kizazi hicho ni cha 1999 hadi 2003, na ndicho chenye utajiri kwa mnunuzi wa huku. GeForce 256 ya Nvidia, ya 1999, iliipunguzia prosesa kuu kazi ya kukokotoa maumbo na mwanga. GeForce2 MX ya 2000 iliuleta uwezo huo kwa bei ya chini na ikauzwa kwa wingi duniani, kwa hiyo ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kutokea ndani ya mashine ya okazyo. GeForce3 ya 2001 iliwapa watengenezaji wa michezo sheda, yaani programu fupifupi zinazoendeshwa ndani ya kadi yenyewe kuamua kila pikseli ing'ae vipi, maji yatikisike vipi. Mwaka 2002 zikaja GeForce4 Ti, na Radeon 9700 Pro ya ATI, kampuni iliyoshindana na Nvidia, ikafungua mlango wa DirectX 9.

Memori na njia yake

Turudi kwenye zile mega. Memori ya kadi inahifadhi picha inayochorwa na vile viraka vya picha vinavyovalishwa kuta, nguo na magari ndani ya mchezo. Ikiwa ndogo mno, mchezo unakwama. Ikishatosha, kuongeza zaidi hakusaidii kitu, na mchezo wa 1999 kwa kawaida unatosheka na megabaiti 32. Kinachoamua kasi ni upana wa njia kati ya memori na prosesa ya kadi. Fikiria uwanja wa malori pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Uwanja unaweza kubeba mamia ya malori, lakini geti likiruhusu lori moja moja, mzigo utafika Lubumbashi kwa kasi ya geti, uwanja uwe mkubwa kiasi gani. Megabaiti ni uwanja. Geti ni upana wa njia, unaohesabiwa kwa biti: 64, 128, 256.

Mfano halisi ni GeForce4 Ti 4200. Ilitoka kwa aina mbili, ya megabaiti 64 na ya megabaiti 128, zote zikiwa na njia ya biti 128. Ya megabaiti 64 ilipangiwa memori ya megahezi 250, ya megabaiti 128 ikapewa megahezi 222. Ile yenye memori kubwa ndiyo iliyokuwa ya polepole. Sasa weka pembeni yake GeForce FX 5200 ya biti 64, iliyouzwa mwaka mmoja baadaye ikiwa na megabaiti 128 na hata 256. Memori ya Ti 4200 ya megabaiti 64 inapitisha gigabaiti 8 kila sekunde, wakati FX 5200 ya biti 64 yenye memori ya megahezi 200 inapitisha 3.2. Mtu anayeuliza mega peke yake atachukua FX 5200 na kuiacha Ti 4200 kwenye rundo.

Unaweza kupima geti kwa macho palepale kwenye meza ya muuzaji. Angalia vipande vyeusi vya memori vinavyoizunguka prosesa ya kadi. Kama ni vya mstatili, vyenye miguu midogo pande mbili ndefu, vihesabu mbele na nyuma ya kadi. Kwenye kadi za miaka hiyo zenye memori ya aina ya DDR kila kipande cha namna hiyo kwa kawaida kinabeba biti 16. Vinne ni biti 64, vinane ni biti 128. Vikiwa vya mraba na havionyeshi miguu, kila kimoja kwa kawaida ni biti 32, hivyo vinne vinatosha kwa 128. Ukiona vipande vinne upande mmoja na nafasi nne tupu zenye alama za risasi ya kuchomelea zisizotumika, jua kiwanda kilibana matumizi, na wewe ndiye utakayeisikia tofauti mchezoni.

Namba kubwa na kadi mpya

Majina yamewapotosha wengi kuliko hata memori. GeForce4 MX 440 inaonekana kuwa kaka wa GeForce4 Ti. Ndani yake ni jamaa wa GeForce2: haina zile sheda za pikseli ambazo GeForce3 ilikuwa nazo mwaka mmoja kabla. Mchezo unaozidai utakataa kufunguka au utaficha madoido yake. Kwa ATI ni vivyo hivyo: Radeon 9000 ya 2002 iko nyuma ya Radeon 8500 ya 2001, na Radeon 9200 ni karibu 9000 ileile iliyobadilishwa jina. Herufi SE mwishoni mwa jina, miaka ile, mara nyingi ilimaanisha kadi iliyopunguzwa njia ya memori. Ikwepe.

Sichukii MX 440. Kwa Quake III, kwa Half-Life, kwa michezo mingi ya kabla ya 2001, inakwenda vizuri sana, na bei yake kwa kawaida ni ya chini. Ubaya ni kuilipia kama Ti.

Upande wa pili wapo wanaosema: nunua mpya zaidi, itacheza vyote. Kuna mambo mawili yanayolikataa hilo. La kwanza ni draiva. Michezo mingi ya 1996 hadi 2000 inatulia kwenye Windows 98, na Nvidia iliacha kuitengenezea Windows hiyo draiva rasmi kwenye kizazi cha GeForce 6; kuanzia GeForce 7 huna msaada. La pili ni desturi za kuchora zilizotupwa njiani. Michezo kadhaa ya miaka ya 1990 inatumia viraka vya picha vya rangi 256 vinavyosomwa kupitia jedwali la rangi, mingine inatumia ukungu wa kukokotolewa kwa jedwali. Voodoo na GeForce hadi kizazi cha FX zinayaelewa hayo. Radeon haziyaelewi. Ndipo yanapotokea yale maajabu ya rangi kuvurugika na ukungu kupotea kwenye kadi ambayo kwa karatasi ina nguvu mara kumi.

Kwa hiyo FX 5200 niliyoikosoa ina heshima yake: kwa mashine ya Windows 98 ya michezo ya zamani, inaelewa mambo ambayo Radeon yenye kasi zaidi haiyaelewi. Ichague yenye biti 128, usiidai sana, na itakulipa.

Nafasi kwenye ubao mama

Fungua mashine kabla ya kutoka nyumbani. Tafuta matundu marefu ambamo kadi zinachomekwa. PCI ni yale meupe yaliyopangwa mawili matatu sambamba. AGP ni moja tu, kwa kawaida ya kahawia, na imerudi ndani kidogo kutoka ukingo wa nyuma. PCI Express ilianza kuonekana 2004, na kadi zake hazichomeki kwenye AGP kwa namna yoyote ile. PCI ya kawaida inapitisha megabaiti 133 kwa sekunde na inagawana njia hiyo na vifaa vingine. AGP ya kwanza inapitisha 266, na AGP 8x inafika takriban 2,133.

Mashine nyingi za ofisini zinazoingia sokoni zina grafiki iliyojengwa kwenye ubao mama na hazina AGP kabisa. Zingine zina kasha jembamba ambalo kadi ya urefu wa kawaida haiwezi kuingia. Kwa mashine kama hizo zipo kadi za PCI: GeForce2 MX, FX 5200, Radeon 9200. Hazifikii kasi ya ndugu zao wa AGP, ila kwa michezo ya 1997 hadi 2000 zinatosha.

Kwenye AGP kuna hatari ya kweli, nayo ni volti. AGP za mwanzo zilitumia volti 3.3, za 4x zikashuka hadi 1.5, za 8x zikashuka zaidi. Ili watu wasikosee, kadi zilikatwa pengo kwenye meno yake ya dhahabu. Pengo lililo karibu na bati la kadi linalofungwa nyuma ya kasha ni la volti 3.3, lililo mbali na bati ni la volti 1.5, kadi yenye mapengo yote mawili kwa kawaida inakubali zote. Ukikuta kadi haiingii, usiisukume na usikate chochote. Kuna mbao mama za Pentium 4 ambazo kadi ya volti 3.3 kama Voodoo3 inaweza kuziua, na lile pengo ndilo linalozuia.

Umeme, vumbi na jicho la mnunuzi

Maelezo mengi ya mambo haya yameandikwa kwa watu ambao umeme wao haukatiki. Sisi tuna SNEL, shirika la umeme la Kongo. Umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, kadi ya miaka ishirini haina pa kujificha, kwa hiyo stabilizateri ni sehemu ya bei ya mashine hii, na ni bora uchomoe kila kitu mara umeme unapokatika. Mashine nyingi zilizotoka Marekani zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai yenye maandishi 115 na 230. Iangalie kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115, umeme wetu wa 220 unaichoma papo hapo.

Jambo lingine ni la pawa saplai mpya. Mbao nyingi za Pentium III na Athlon za mwanzo zinanyonya umeme mwingi kwenye njia ya volti 5, wakati pawa saplai za leo zimeweka nguvu zake kwenye volti 12. Soma kibandiko: unataka ampea nyingi chini ya 5V, hata kama jumla ya wati si kubwa. Kadi kama Voodoo5 5500 na FX 5900 zinadai pia waya wake kutoka pawa saplai. Ti 4200 na MX 440 hazihitaji.

Ukiwa kwenye meza ya muuzaji, tazama kapasita, zile silinda ndogo zenye kofia ya bati. Kofia iwe bapa. Ikiwa imevimba au ina utomvu wa kahawia, kadi imeugua. Miaka ya mwanzo ya 2000 dunia nzima ilipata kapasita mbovu. Fundi mwenye mkono mzuri anazibadilisha, lakini gharama yake iingie kwenye bei. Zungusha feni kwa kidole. Vumbi jekundu la kiangazi linaloana na mafuta ya feni mpaka linakuwa kama udongo, na feni iliyokwama ndiyo muuaji mkuu wa kadi hizi. Kisha omba kadi iwashwe: "Papa, tunaomba tuione ikifanya kazi." Iache kwa robo saa ikiwa na mchezo, si kwenye Windows tu. Memori iliyochoka huanza kuonyesha vidoti na mistari isiyo na maana ikishapata joto.

Ukiulizia mimi ningechukua nini: kwa ubao wenye AGP ya volti 1.5, Ti 4200, bila kusita. Inabeba karibu kila kitu kutoka 1997 hadi Vice City ya 2003. Kwa Pentium III, GeForce2 MX 400 inatosha na haipashi mashine joto. Anayetaka Doom 3 ya 2004 na ya baada yake aachane na Windows 98, achukue mashine ya Windows XP yenye PCI Express. Mashine moja haitafanya kazi za zama zote mbili vizuri.

Kabla hujachomeka kadi, andaa draiva kwenye CD. Windows 98 iliyowekwa upya haiitambui flashi, na wengi hukwama hapo usiku kucha. Ondoa draiva ya kadi ya zamani, zima mashine, badilisha kadi, kisha weka kwanza draiva ya chipu za ubao mama, halafu DirectX, halafu draiva ya kadi. Kwa GeForce FX kwenye Windows 98, wazoefu wanapendelea draiva 45.23 kuliko zilizotoka baadaye. Na RAM ya mashine iache kwenye megabaiti 512, kwa sababu ikizidi hapo Windows 98 inaanza kusumbua, na utailaumu kadi isiyo na kosa.